Tovuti ya majaribio inapokataa kufunguka kwenye kompyuta ya jirani

WATENGENEZAJI wengi wa tovuti hukumbwa na tatizo moja wanapotaka kuwaonyesha wenzao ofisini kazi ambayo bado haijakamilika. Katika kompyuta yao wenyewe tovuti hufunguka bila taabu, lakini kompyuta ya meza ya pili, ingawa imeunganishwa na mtandao uleule, hujibu kwamba haiwezi kuifikia.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Chanzo ni anwani ambayo seva ya majaribio imepewa.

Chukua mfano wa Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Seva yake ya majaribio ikiwashwa bila maelekezo zaidi, husikiliza maombi katika anwani 127.0.0.1, mlango namba 8000. Anwani zinazoanza na 127 zimetengwa ili kompyuta izungumze na nafsi yake. Ombi linalotumwa huko halitoki nje ya mashine, na la kutoka nje haliingii. Ndiyo maana mwenzako akiiandika anwani hiyo, kompyuta yake hujitafuta yenyewe na kukuta patupu.

Ufumbuzi ni kuiagiza seva isikilize katika anwani zote za kompyuta, kwa amri hii:

python manage.py runserver 0.0.0.0:8000

Hapo ndipo wengi hujikwaa tena, kwa kumpa mwenzao sufuri hizo nne. Sufuri ni agizo kwa seva tu. Si mahali pa kwenda. Anachopaswa kuandika ni anwani halisi ya kompyuta yako katika mtandao wa ofisi, ambayo Windows huionyesha kwa amri ya ipconfig na Linux kwa ip addr. Aghalabu huanza na 192.168 au 10, mafungu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani. Kwa hiyo ataandika, tuseme, http://192.168.1.20:8000.

Huenda bado akakataliwa. Django hukagua jina ambalo mgeni ameitia, na lisipokuwamo katika orodha ya ALLOWED_HOSTS, humrudishia kosa namba 400. Anwani hiyo sharti iongezwe katika orodha. Aidha, programu ya ulinzi ya Windows inayochuja mawasiliano huomba idhini; ikubalie kwa mtandao binafsi pekee, si wa umma. Mitandao isiyotumia waya ya baadhi ya hoteli nayo huvitenganisha vifaa vya wateja, na hapo hakuna badiliko katika kompyuta yako litakalosaidia.

Usumbufu wote huu una sababu. Seva ya majaribio hupendelea kumfaa mtengenezaji kuliko kujilinda: panapotokea kosa, huanika vipande vya programu na mipangilio yake mbele ya yeyote aliyeomba ukurasa. Mwaka 2015, kampuni ya Patreon ya Marekani ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika mifumo yake kupitia toleo la majaribio la tovuti yake lililokuwa likionekana hadharani. Taarifa za watumiaji wake zilivuja.

Wenye mfumo wa Ruby on Rails nao walilizingatia jambo hili. Kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2014, seva yao ya majaribio iliacha kusikiliza katika anwani zote na kubaki ndani ya kompyuta, mpaka mwenyewe aagize vingine.

Kwa maoni yetu, sufuri nne hutumiwa kupita kiasi. Kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa ofisi na wakati huohuo kwa modemu ya simu huwa na anwani mbili, na sufuri hizo hufungua kote. Ni salama zaidi kuandika 192.168.1.20:8000 katika amri yenyewe, ili seva isikike upande wa ofisi tu, kisha kuizima kwa Ctrl na C mara wenzako wamalizapo kutazama.