Shujaa aliyekosea aingie, au abaki mlangoni?

UKIPITA kwenye meza za mitumba pale Busia, upande wowote wa mpaka, hukosi kuona kofia zenye herufi zilizodariziwa kwa uzi: NY, LA, B na ile C ya kofia nyekundu. Wauzaji wanajua bei zake na wanunuzi wanajua rangi zake. Lakini ni wachache wanaojua kuwa kila herufi ni ya timu ya besiboli ya Marekani.

Ile C ni ya Cincinnati Reds, timu ya mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio. Niliishi katika mji huo miaka kadhaa nikipakua mizigo ghalani zamu ya usiku, na humo ndimo nilimoujulia mchezo huu. Sikuujua kwa kuucheza, bali kwa kusikiliza watu wakibishana.

Ubishi wao ulikuwa mmoja, mwaka nenda mwaka rudi: nani anastahili kuingia Jumba la Mashujaa wa Besiboli, na nani abaki nje?

Naandika haya kwa sababu ubishi huo umenifuata nyumbani. Chama chetu kidogo cha wafanyabiashara wa mpakani kinataka kutundika ofisini ubao wa majina ya waliokijenga, na jina moja limetugawa.

Mzee huyo ndiye aliyetukusanya wakati hatuna hata daftari, akasimama nasi kila mizigo ilipozuiwa. Mimi mwenyewe niliporudi kutoka Marekani mikono mitupu, ndiye aliyenipa meza ya kuanzia. Lakini ni yeye huyo huyo, akiwa mshika fedha, aliyechukua akiba ya chama bila kumwambia mtu, akakana kwa muda mrefu, na hakuirudisha mpaka alipobanwa.

Wapo wanaotaka aandikwe wa kwanza. Wapo wanaosema jina lake likipanda ubaoni, yao yafutwe. Nikiwasikiliza, nasikia hoja zile zile za ghalani.

Jumba lenyewe

Jumba hilo liko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York, na lilifunguliwa Juni 12, 1939. Watano wa kwanza walichaguliwa mwaka 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson.

Ndani mna sehemu mbili ambazo wabishi wengi huzichanganya. Kuna makumbusho, panapohifadhiwa vifaa, picha na historia yote, njema na mbaya. Halafu kuna ukumbi wa vibao vya shaba, kila kimoja na sura ya mtu na maneno machache. Kuwekwa makumbusho ni kukumbukwa. Kupewa kibao ni kuheshimiwa.

Wapiga kura wakuu ni waandishi wa habari za besiboli waliodumu katika chama chao miaka 10. Mchezaji anayejadiliwa lazima awe amecheza ligi kuu misimu 10 na awe amestaafu kwa miaka mitano. Kila mwandishi hutaja majina yasiyozidi 10.

Anayepata asilimia 75 ya kura ameingia. Anayekosa hata asilimia tano hufutwa kwenye orodha. Aliye katikati hurudi mwaka unaofuata, mpaka miaka 10 iishe; kabla ya 2014 ilikuwa miaka 15. Wanaoachwa na waandishi wanaweza kufikiriwa tena na kamati za watu 16.

Kupendwa na wote ni shida. Mariano Rivera, mrushaji kutoka Panama, alikuwa wa kwanza kupata kura zote, mwaka 2019. Mwaka uliofuata Derek Jeter alikosa kura moja kati ya 397. Mwaka 2025 Ichiro Suzuki wa Japani naye alikosa moja kati ya 394.

Shida kubwa zaidi imo ndani ya kanuni. Mpiga kura haambiwi atazame rekodi na uwezo tu. Anaambiwa pia apime uadilifu, uungwana na tabia. Hapo ndipo watu wazima hurushiana maneno hadi chai inapoa.

Kamari ya Rose

Pete Rose alizaliwa Cincinnati na akaichezea timu ya kwao. Alipata vipigo halali 4,256, na hakuna mwingine katika ligi kuu aliyefikisha idadi hiyo.

Agosti 1989, akiwa kocha wa Reds, alikubali kufungiwa maisha baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa alicheza kamari katika mechi za besiboli, zikiwamo za timu yake. Mwaka 1991 Jumba likapitisha kanuni kwamba aliyefungiwa hapigiwi kura. Rose alikana kamari hiyo mpaka mwaka 2004, ndipo akakiri.

Vijana wa ghalani walikuwa wakimtetea: alibeti timu yake ishinde, hakuiuza, kosa liko wapi?

Mzee mmoja Mmarekani mweusi, aliyekuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, aliwajibu hivi. Usiku ambao kocha ameweka dau, atamtumia mrushaji wake bora mpaka mkono uchoke, ili ashinde leo, hata kama kesho kijana huyo ataumia. Usiku asioweka dau, wachezesha kamari wanaelewa kuwa hana imani na timu yake. Na akiwa na deni lao, wao ndio makocha.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kufundishwa hilo. Anayeshika mizani hatakiwi kuwa na gunia lake kwenye foleni.

Rose alifariki Septemba 30, 2024. Mei 2025 kamishna wa besiboli, Rob Manfred, aliamua kuwa adhabu ya kufungiwa maisha inakoma mtu anapofariki. Uamuzi huo umemfungulia mlango pia Joe Jackson wa Chicago White Sox, aliyefungiwa pamoja na wenzake saba kwa madai ya kuuza fainali ya 1919 kwa wacheza kamari, ingawa mahakama iliwaachia huru mwaka 1921. Kwa ratiba ya Jumba, kamati inayoweza kuwajadili ni ya Desemba 2027.

Dawa za misuli

Kesi ya pili ni ya Barry Bonds na Roger Clemens. Bonds alipiga homurani 762, yaani vipigo vinavyovusha mpira nje ya uwanja, na kati ya hizo 73 ni za mwaka 2001 peke yake. Alitajwa mchezaji bora wa ligi yake mara saba. Clemens, mrushaji, alishinda mechi 354 na kutwaa mara saba tuzo ya mrushaji bora.

Wote wawili walihusishwa na dawa za kuongeza nguvu, na majina yao yamo katika ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007. Wote wamekana kuzitumia kwa makusudi. Mwaka 2022, ukiwa mwaka wao wa kumi na wa mwisho, Bonds alipata asilimia 66 na Clemens 65.

Siku hiyo hiyo David Ortiz aliingia kwa mara yake ya kwanza kupigiwa kura, japo mwaka 2009 vyombo vya habari vilimtaja kuwa miongoni mwa waliokutwa na dawa katika vipimo vya siri vya 2003. Desemba 2025 kamati ilimchagua Jeff Kent, aliyecheza timu moja na Bonds pale San Francisco, kwa kura 14 kati ya 16. Bonds na Clemens hawakufikisha hata tano.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Ligi kuu haikuanza kuwaadhibu wachezaji kwa vipimo mpaka mwaka 2004. Miaka yote hiyo viwanja vilijaa na fedha ziliingia. Bud Selig, kamishna wa wakati huo, alichaguliwa kuingia Jumbani Desemba 2016. Mwenye soko kapewa kibao, mchuuzi kafukuzwa mlangoni.

Wanaowapinga nao hawasemi ovyo. Fred McGriff alipiga homurani 493 bila kuhusishwa na dawa, lakini tarakimu zake zilionekana ndogo mbele ya za wenye misuli ya kutengeneza. Waandishi walimpita miaka 10 mfululizo, hadi kamati ilipomwingiza Desemba 2022. Na wapo warushaji ambao hatutajua majina yao kamwe, waliopigwa mipira na mtu aliyetumia dawa, wakarudishwa makwao.

Waliofungiwa bila kosa

Ubishi ukipamba moto, yule mzee wa mashine alikuwa na neno lake. Alisema kabla ya kuwalilia waliodanganya, tuwataje kwanza waliodhulumiwa.

Kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya Jackie Robinson kuingia uwanjani Aprili 1947, weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, wakacheza katika ligi zao. Josh Gibson, mpigaji wa kutisha, alifariki Januari mwaka huo huo, miezi mitatu kabla mlango haujafunguliwa.

Mwaka 1966 Ted Williams, nyota mzungu wa Boston, aliitumia hotuba yake ya kuingizwa Jumbani kuwaombea nafasi Gibson na Satchel Paige. Paige aliingia 1971, Gibson 1972. Mei 2024 takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa na za ligi kuu, wastani wa Gibson wa 0.372 ukawa juu ya ule wa Ty Cobb.

Kisha kuna Buck O'Neil. Alikuwa mchezaji na kocha wa Kansas City Monarchs, na mwaka 1962 Chicago Cubs walimfanya kocha mweusi wa kwanza katika ligi kuu. Uzeeni alizunguka nchi nzima akisimulia habari za wenzake waliosahauliwa.

Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa besiboli ya weusi. O'Neil, mwenye umri wa miaka 94, hakuwamo. Wote 17 walikuwa wameshafariki, kwa hiyo aliombwa azungumze kwa niaba yao. Alikwenda. Alisimama mbele ya umati pale Cooperstown mwezi Julai, hakulalamika hata kidogo, akawashikisha watu mikono na kuwaimbisha. Oktoba akafariki. Jumba lilimpa kibao mwaka 2022.

Mzee wa mashine akifika hapo alikuwa akinyamaza, nasi tunarudi kwenye makasha.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya mbali. Ukitoka Busia kwenda Kampala, ukishavuka msitu wa Mabira unafika Lugazi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla, watoto wa Kampala walikuwa wamefuzu lakini wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka za umri. Na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Iko siku jina la kwetu litajadiliwa kwenye karatasi hizo.

Kura yangu

Mimi si mwandishi wa besiboli na hakuna atakayeniletea karatasi. Lakini ningepewa, Bonds na Clemens ningewapigia, kwa sharti kwamba kibao kitaje tuhuma zao. Makumbusho yameshaonyesha njia: mpira wa homurani ya 756 ya Bonds, ile iliyovunja rekodi ya Hank Aaron, upo Cooperstown ukiwa umechomwa alama ya nyota ya kutilia shaka. Siwezi kumwadhibu mchezaji peke yake wakati wakubwa waliofumba macho wamepewa shaba.

Rose nisingempigia. Kanuni ya kamari ilibandikwa katika kila chumba cha wachezaji, aliiona kila siku, na alipoivunja alikuwa ameshika mizani ya wenzake. Vifaa vyake viko makumbusho, na hapo ni mahali pake. Akumbukwe, asiheshimiwe.

Sasa nirudi kwenye ubao wetu. Nikiyafuata maneno yangu mwenyewe, mzee wetu ni Rose. Picha yake ikae ofisini na historia yake yote, aliyotujengea na aliyotuchukulia. Jina lake lisiwe kwenye ubao wa heshima.

Si rahisi. Juzi alikuja dukani kwangu, akanywa chai, akaniuliza: “Mwanangu, na wewe utaniacha?” Nikamjibu: “Mzee, meza uliyonipa sijaisahau.” Hakuuliza tena. Tulikaa pale mpaka chai ikaisha.

Jambo jingine limenijia baada ya yeye kuondoka. Katika mabishano yote ya mwezi mzima, hakuna aliyemtaja mama muuza kofia, ambaye tangu mwanzo ameandika daftari la chama bila malipo, na ambaye hesabu zake ndizo zilizoonyesha fedha zilikokwenda. Hayumo kwenye orodha kwa sababu siku ya mkutano wa kwanza alikuwa kwenye meza yake akiuza.

Yu hai, na kila asubuhi yuko pale pale kwenye kofia zake. Jumamosi nitasimama nimtaje yeye kwanza, kabla ya kumfikia mzee.