Wati za Kwenye Boksi

Katika maduka ya vyombo vya muziki ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ampli huuzwa kwa namba iliyoandikwa usoni: wati 1,000, wati 3,000, na nyuma yake herufi PMPO. Namba hiyo ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena kimekokotolewa kwa masharti ambayo kila kiwanda kinajichagulia. Cha kuangalia ni RMS, nguvu ambayo ampli inaitoa mfululizo bila kukoroma. Igeuze uisome mgongoni: kibandiko kikisema inakula wati zisizozidi 60, haiwezi kutoa mfululizo hata hizo 60, maana sehemu yake inaishia kuwa joto. Mji wa Butembo ulikua kwa miaka mingi bila umeme wa serikali, na kanisa linaloendesha ibada kwa grupe (jenereta) au sola linajua wati inatoka wapi na kwa bei gani. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo husahaulika dukani.

Lakini hata wati zikiwa za kweli, mnunuzi bado anapima kitu kisicho sahihi. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua kwa shida. Ili isikike imekua maradufu unahitaji wati mara 10 hivi. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili, desibeli 6 zinakwenda. Sasa linganisha vipaza sauti vyenyewe. Bafle ya kawaida, yaani spika ya boksi, ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 88 kwa umbali wa mita 1. Honi nzuri hufika 108. Tofauti ya desibeli 20 ni sawa na nguvu mara 100, kwa hiyo honi yenye wati 30 inashindana na bafle yenye wati 3,000 halisi. Waya nao una lake. Ampli iliyopangwa kutoa wati 100 kwenye bafle ya ohm 8, ikiunganishwa kwa waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba wenye urefu wa mita 100, inaifikishia bafle wati 49 hivi, na 21 zinapasha waya moto; zilizobaki ampli haizitoi, maana waya unapunguza mkondo. Kwa laini ya volti 100, yenye transfoma ndogo kwenye kila honi, mkondo unapungua na zaidi ya wati 90 zinafika.

Wanakwaya watapinga kwamba honi haina besi, na wana haki: inafaa kwa mahubiri na matangazo, si kwa gitaa la besi. Fundi naye atasema ampli dhaifu ikilazimishwa hukata vilele vya mawimbi na kuunguza twita. Ni kweli pia, ila hilo linatetea akiba ya wati za RMS, wala haliiokoi PMPO. Kanisa lenye ukumbi na uwanja linahitaji vyote viwili: bafle za ohm 8 ndani, kwa waya mfupi na mnene, na honi za laini ya volti 100 nje. Volti hizo si za kuchezea. Kiungo cha waya kilichofungwa kwa mkanda tu hakifai kuachwa juu ya bati linalonyeshewa mvua, na mpanda ngazi azime ampli kwanza.