Mbwa Kali Langoni



Ukipita katika mitaa ya miji yetu hapa Kenya, utakiona kibao cha bati kimepigiliwa langoni, maandishi mekundu: MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili wangetaka kisome "mbwa mkali", lakini kibao kimewashinda walimu. Pengine mbwa mwenyewe hayupo kabisa, ni kibao tu kinacholinda nyumba. Lakini pale alipo, kuna maswali mawili ambayo kibao hakiyajibu. Huyu mbwa amepataje ukali wake? Na siku atakapomng'ata mtu, ni nani atakayejibu?

Swali la kwanza watu hulijibu upesi. Husema, ni damu. Mbwa mkubwa wa Kijerumani, yule anayefanana na mbwa wa polisi, amezaliwa mkali kama pilipili ilivyozaliwa kali. Na Rottweiler ni hatari tangu tumboni mwa mamaye. Bali mbwa wetu wa kienyeji ni mwizi wa mayai tu, hana neno. Na tulipime jambo hili, kwa maana lina ukweli kidogo na makosa mengi.

Ukweli ni kwamba wanadamu wamewachagua mbwa kwa kazi mbalimbali kwa muda mrefu sana. Lakini kazi zenyewe zilikuwa zipi? Rottweiler amepata jina lake katika mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako alikuwa akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Naye German Shepherd, ambaye kapteni Max von Stephanitz alianza kumwandikisha rasmi mwaka 1899, alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Wote wawili ni wachungaji! Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza hawakutaka hata kulitaja jina la Ujerumani, wakamwita mbwa huyo Alsatian, na jina lake la kwanza halikurudishwa rasmi huko mpaka mwaka 1977. Australia nayo ilipiga marufuku kumwingiza nchini mwaka 1929, kwa hofu kwamba atazaana na mbwa-mwitu wao na kumaliza kondoo. Marufuku hiyo ikadumu zaidi ya miaka 40. Mbwa alikuwa yule yule wakati wote. Kilichobadilika kilikuwa mioyo ya watu.

Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Science. Walikuwa wamewauliza wenye mbwa zaidi ya 18,000 juu ya tabia za mbwa wao, na kupima chembe za urithi za mbwa wapatao 2,000. Wakaona kwamba ukoo wa mbwa hueleza sana umbo lake na manyoya yake, lakini katika tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa, ukoo hueleza kama sehemu 9 tu katika 100. Hatusemi kwamba mbwa wote ni sawa. Mbwa wa kilo 50 akikosea, kosa lake ni kubwa kuliko la mbwa wa kilo 8, na mwenye kumfuga lazima alijue hilo kabla ya kumleta nyumbani. Ila mtu anayesema, "Wangu ni wa kienyeji, hawezi kumdhuru mtu," amejidanganya sawasawa na yule anayemhukumu Rottweiler kwa jina lake.

Serikali nyingine zimejaribu njia ya kukataza koo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 dhidi ya aina nne, akiwamo Pit Bull, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikaongeza ya tano, XL Bully. Uholanzi ilikuwa na marufuku kama hiyo, kisha mwaka 2008 ikaamua kuiondoa, kwa kuwa watu hawakuacha kung'atwa. Mara nyingi hata kumtambua mbwa kwa macho ni kazi: wataalamu wanaotaja ukoo kwa kutazama tu, damu ikipimwa, hukosea mara nyingi.

Tena kuna habari ya Marekani ya mwaka 2007, ambayo wengi wenu mliisikia. Mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Michael Vick, alikiri mahakamani kushiriki katika mchezo wa kupiganisha mbwa. Mbwa wapatao 50 wa jamii ya Pit Bull walichukuliwa kwake. Zamani mbwa wa namna hiyo waliuawa wote bila kuulizwa neno. Safari hii kila mmoja alichunguzwa peke yake, na wengi wakaonekana kuwa na woga kuliko ukali. Wakapewa walezi wavumilivu. Baadhi wakaishia katika nyumba zenye watoto, na wengine wakafundishwa kuwatembelea wagonjwa na kuwafariji.

Basi ukali hutoka wapi? Hapa na tuseme wazi, kwa sababu jambo hili tunalitenda sisi wenyewe, hata katika nyumba ambazo husali kabla ya chakula. Tunamnunua mtoto wa mbwa, tunamtia katika kibanda chenye giza mchana kutwa, ili usiku akifunguliwa awe na hasira. Au tunamfunga mnyororo chini ya mwembe miaka mitatu. Wapo wanaosema alishwe pilipili. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea watu kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi ya maisha yake. Asipowaona wageni, watoto na wazee siku zile, wala asiguswe kwa upole, atakuja kuwaona wote kuwa maadui. Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa aliyelelewa gizani hana akili ya ulinzi, kwa maana hawezi kupambanua mwizi na mama aliyeleta maziwa. Anang'ata kwa hofu. Na mbwa mwenye hofu, mnyororo ukikatika, huanza na yule aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa nyumba ile ile, au yule kijana mwajiriwa anayempelekea ugali.

Sasa, nani atajibu? Torati haikutoa sheria juu ya mbwa anayeng'ata, lakini ilisema juu ya ng'ombe, nayo kanuni ni moja. Someni Kutoka, sura ya 21, kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, mambo hugeuka: hatia humrudia mwenye mali. Angalieni palipo na uzito. Hapakuulizwa ng'ombe ni wa ukoo gani. Paliulizwa kama mwenyewe alijua.

Na wewe uliyepigilia kibao langoni umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba unajua. Kibao huwaonya wapitao, naam, lakini pia ni ushahidi juu yako. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 243, humhesabia kosa mtu anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake. Basi lango lifungwe. Ua uzibwe matundu. Mbwa akitoka, atoke na kamba mkononi mwa mtu mzima anayeweza kumzuia. Ahasiwe ikiwa huna haja ya watoto wake. Na akimuumiza mtu, hata kama ni mpita njia asiyekuwa na jamaa wa kumtetea, gharama ya hospitali ni yako, usingoje kudaiwa.

Watoto nao wafundishwe. Wasimguse mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto. Kutikisa mkia si furaha siku zote. Mbwa aliyekakamaa mwili na kukaza macho ameshasema "ondoka". Akinguruma, usimpige kwa kunguruma, maana utamfundisha kung'ata bila kuonya kwanza. Mbwa akimjia mtoto, asikimbie: asimame kimya kama mti, mikono imeshuka, macho yakitazama chini. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kufa na kupona. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani hukipata kwa kung'atwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu huzuilika: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, huacha kuenea kati yao. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka, na mbwa wa kienyeji anaihitaji sawa na yule wa bei kubwa. Ulizeni kwa daktari wa mifugo aliye karibu nanyi, na chanjo ikiletwa kijijini, wapelekeni wote.

Mtu akiumwa, usipake mafuta, wala majivu, wala dawa ya mitishamba. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili kwa saa, hata mtoto akilia. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano, na arudi kwa sindano zote atakazopangiwa, hata kama jeraha limekwisha kukauka.