Dem wa Kitui ama Makueni anaweza kulipwa kufunga magoli? Soma ramani ya Jentrix Shikangwa

Cheki hii picha. Ni saa kumi jioni pale Unoa, Wote. Vumbi iko juu, maboy wanamaliza mechi yao, na kando ya uwanja kuna dem amevaa njumu za brathe yake, size mbili juu, anangoja kuitwa. Akiingia, mabeki wanacheka. Dakika tano baadaye hakuna msee anacheka.

Huyo dem ni wa ukweli. Nilikuwa namwona kila likizo nikirudi ocha. Alimaliza form four, akakosa timu, na leo anauza duka Nairobi. Jina lake naacha, juu hata yeye alishaacha hizo story za boli. Lakini swali lake bado liko na mimi: kama umezaliwa Kitui ama Makueni na unajua kufunga, unaanzia wapi ndio ulipwe?

Njia rahisi ya kujibu ni kufuata nyayo za mtu ameshafika. Jentrix Shikangwa si wa Ukambani, lakini safari yake imeanzia mahali kila mmoja wenu ako napo: uwanja wa shule.

Shule ndiyo lango

Shikangwa alikuwa mwanafunzi wa Wiyeta Girls, kule Trans Nzoia. Hiyo ni shule ya wasichana inayojulikana kwa boli Kenya nzima. Maskauti na makochi wa timu ya taifa hawaendi kila kijiji, manze. Wanaenda mahali wanajua talanta itajileta yenyewe, na hapo ni kwa michezo ya shule.

Hesabu iko hivi. Boli inachezwa muhula wa pili. Unaanza kaunti ndogo, unaenda kaunti, halafu kanda, halafu kitaifa, na mwisho ni Afrika Mashariki. Kitui na Makueni zote ziko kanda ya Mashariki, pamoja na Machakos, Embu, Meru na wengine. Maanake kama shule yako haina timu ya wasichana, ama iko nayo na inatolewa raundi ya kwanza kila mwaka, unaweza kuwa moto kama pasi na hakuna mtu wa maana atawahi kukuona.

Goli moja linaweza kuwa CV

Novemba 2019, Harambee Starlets walienda Dar es Salaam kucheza CECAFA. Fainali walikutana na wenyeji, Tanzania, mbele ya mashabiki wao. Kenya ilishinda 2-0. Nani alitupia zote mbili? Shikangwa, msichana wa shule.

Shika hiyo, juu ndiyo siri ya straika. Beki anaweza kucheza vizuri miaka mitano na asijulikane. Straika akifunga fainali, jina linaandikwa pale na halifutiki. Klabu ya nje inayotafuta mshambuliaji haitauliza ulisoma wapi. Itauliza ulifunga nani, na lini.

Alienda Vihiga Queens, na 2021 wakabeba taji la CECAFA la klabu hapa Nairobi kwa kuchapa CBE ya Ethiopia 2-1. Ushindi huo uliwapeleka Misri, kwa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika, makala ya kwanza kabisa.

Kuvuka mpaka

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. 2022 alisaini Fatih Karagümrük ya Uturuki. Mwaka huohuo akarudi karibu na nyumbani, Simba Queens ya Tanzania, na msimu wa 2022/23 akamaliza mfungaji bora wa ligi yao. 2024 akaenda Uchina kwa Beijing Jingtan, kisha akarudi Simba.

Najua unawaza: Uturuki mpaka Tanzania si ni kushuka? Hapana. Straika analishwa na dakika za kucheza. Ni afadhali uanze kila mechi Dar kuliko ukae benchi baridi Istanbul ukipiga picha za Insta. Na Tanzania wamewekeza kwa ligi yao ya wanawake, ndio maana wachezaji wetu wanakimbilia huko.

Na hakuwa wa kwanza kutoka. Doreen Nabwire, aliyeanzia MYSA, alifungua njia ya Ulaya alipoenda Werder Bremen ya Ujerumani. Esse Akida alifungia Kenya goli kwa mechi yetu ya kwanza kabisa ya AFCON ya wanawake, dhidi ya Ghana 2016. Tulipoteza 3-1, lakini yeye baadaye alicheza Israel, Uturuki na Ugiriki. Unaona pattern? Goli la taifa, halafu pasipoti.

Mkataba: hapa ndio wengi huchomeka

Kama uko chini ya miaka 18, FIFA hairuhusu klabu ya nje ikusajili, isipokuwa kwa hali chache sana. Kwa hivyo ejenti anayemwambia mwaitu alete pesa ya viza ukiwa form two, mwonyeshe mlango. Ejenti wa ukweli ako na leseni ya FIFA, na hulipwa kutoka kwa dili, si kutoka kwa mbuzi wa nyumbani.

Ukishasaini, jua haki zako. Klabu ikikosa kukulipa mshahara wa miezi miwili, unaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15. Ikinyamaza, unaondoka na sheria iko upande wako. Ukipata mimba, mkataba haufi: tangu 2021 kanuni inakupa likizo isiyopungua wiki 14, na angalau theluthi mbili ya mshahara. Hii si favour, ni haki yako.

Kwa nini hakuna mtu anajenga timu ya madem ushago

Hii ndiyo sehemu iliniuma nikisoma. Kwa boli ya wanaume, kijana akisaini mkataba wa kipro, klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 zinaweza kudai fidia ya mafunzo. Ile timu ndogo ya mtaa inapata kitu. Kwa wanawake, kwa miaka mingi kanuni za FIFA zimesema hiyo fidia haihusu.

Fikiria uko Mutomo ama Kibwezi, unanunua mipira na nauli kwa mfuko wako, unalea straika miaka sita. Anaenda Uturuki. Wewe unabaki na picha ya timu. Ni nani atafanya hivyo mara mbili? Ndio maana klabu kubwa za madem ziko mbali na sisi, na ndio maana mzigo wote unaangukia mwalimu mmoja wa michezo.

Si ati hakuna viwanja. Ithookwe pale Kitui ilikarabatiwa na ikabeba Mashujaa Day 2025. Uwanja upo. Swali ni nani anacheza ndani yake siku ambayo hakuna gwaride.

Sasa ufanye nini?

Kama uko shule, tafuta yenye timu ya wasichana inayovuka kaunti, hata kama ni mbali. Kama umemaliza, usikae. Ukiwa Mwingi, Thika iko kwa barabara moja na wewe, na Thika Queens ya zamani, ambayo sasa inaitwa Kenya Police Bullets, ni moja ya timu kubwa za nchi. Ukiwa Wote, Nairobi ni safari ya asubuhi. Uliza siku ya majaribio, beba njumu zako. Rekodi mechi zako na simu, andika tarehe na magoli.

Na kama wewe ni brathe, buda ama mwalimu, mlango uko kwako pia. 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walienda Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya boli ya Kenya kufika huko, na wakapiga Mexico 2-1. Oktoba 2025 Starlets wakatoa Gambia na kufuzu tena AFCON, mara ya kwanza tangu 2016. Milango inafunguka.

Mimi niliacha chuo fee iliponishinda, so najua vile ndoto hufa. Haifi siku moja. Hufa kwa kuambiwa "ngoja kidogo" mara nyingi. Yule dem wa Unoa alingoja kando ya uwanja mpaka akachoka. Kama kuna mwingine anangoja hapo kwenu leo, mwite aingie. Na umtafutie njumu size yake.