Mzigo wa Wangechi Mutu Huko Venice

Naungama, msomaji, kwamba mimi ni mtu wa sinema za kawaida: stelingi apigane, jambazi aanguke, twende zetu nyumbani. Kwa hivyo nilipozuru maonyesho ya kimataifa ya sanaa huko Venice, Italia, mwaka wa 2015, vile vyumba vya giza vya video nilivipita mbio.

Kimoja kikanishika miguu. Katika viwambo vitatu vilivyopangwa sambamba alitembea mwanamke mwenye kikapu kichwani. Alikuwa Wangechi Mutu mwenyewe, mzaliwa wa Nairobi, katika kazi yake iitwayo The End of Carrying All. Kadiri alivyokwenda ndivyo mzigo ulivyoongezeka: gurudumu la baiskeli, dishi la televisheni, hata jengo zima! Mgongo ukapinda. Mwishowe akaporomoka gengeni na mzigo wake wote. Nani kwetu hajapata kumwona mama aliyeinama vile chini ya kuni?

Lakini liko lililoniuma. Mwaka huo huo yalitangazwa majina ya wasanii wa banda la Kenya, na wengi wao walikuwa Wachina! Wasanii wetu wakapiga kelele, serikali ikalikana banda hilo. Wangechi hakuletwa na banda la taifa. Alialikwa na Okwui Enwezor, Mnigeria aliyesimamia maonyesho makuu.

Niliitazama video ile mara tatu, hata mlinzi akaanza kunikodolea macho.