Fedha Isipite Mkononi mwa Askari

Msafiri atokaye Juba kwenda Nimule, kwa barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012, hupita Nesitu mapema katika safari yake. Malori mengi yapitayo hapo hutoka Kenya na Uganda, na madereva wengi husema Kiswahili. Kilio chao kwa miaka mingi ni vizuizi vya njiani na fedha taslimu zinazodaiwa humo.

Ndugu zetu askari wanaujua uchungu wa habari hii. Askari mwaminifu apokeaye noti kizuizini hana shahidi. Hata akikabidhi kila senti kwa mkubwa wake, dereva ataondoka akiamini kwamba ameibiwa, na jina la kikosi kizima litachafuka. Naye asiye mwaminifu, tuseme kweli, hujificha nyuma ya stakabadhi isiyosomeka.

Tanzania ilianza mwaka 2017 kukusanya malipo ya Serikali kwa mfumo mmoja wa elektroniki. Askari wa usalama barabarani huandika kosa katika mashine ndogo ya mkononi, nayo hutoa karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa namba hiyo dereva hulipa faini kupitia benki au simu, na fedha huingia Serikalini. Askari hagusi hata shilingi. Hatusemi kwamba rushwa imekoma, kwani mwenye nia mbaya aweza kupokea chochote ili asiandike kosa. Lakini likishaandikwa, halifutiki kwa maneno ya pembeni.

Ankara ya ushuru nayo yaweza kupelekwa kwa barua pepe kwa mwenye mali huko Mombasa, akailipa kabla lori halijavuka mpaka. Kazi ya askari wa Nesitu ingebaki kulinganisha namba tu.

Sudan Kusini ilipata huduma ya fedha kwa simu, m-Gurush, mwaka 2019. Hata hivyo mashine haiponyi utitiri wa tozo. Mwaka 2024 malori ya mafuta ya Umoja wa Mataifa yalikwama mpakani kwa sababu ya tozo mpya, mojawapo ikiwa ya ufuatiliaji wa mizigo kwa elektroniki, hata udondoshaji wa chakula kwa ndege ukasimama, mpaka Serikali ilipoziondoa.

Tena simu haishiki mtandao kila mahali njiani. Hapo askari atahitaji orodha ya namba zilizolipiwa, iliyoandikwa Nimule asubuhi ile ile na kutiwa mhuri.