Jinsi Mguu Unavyotembea

Wagonjwa wengi wanashangaa munganga anapowaambia: “Tembea mpaka mlangoni, halafu urudi.” Wengine wanacheka: wamekuja na maumivu, mbona wanatembezwa kama askari? Lakini katika kutembea kwako munganga anasoma mambo mengi, na kusoma huko kulianza na picha.

Jicho ni pole, mguu ni mwepesi. Mwaka 1878, huko California katika Marekani, Muybridge alipanga mashini 12 za picha kando ya njia, akampiga picha farasi anayekimbia. Ndipo watu walipoona hakika kwamba kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Munganga wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alipendezwa sana. Mwaka 1882 akatengeneza mashini yenye umbo la bunduki. Haikuua hata ndege, ilipiga picha 12 kwa sekunde moja. Baadaye alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe mikononi na miguuni, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi. Katika picha hukuona mtu, uliona mistari tu, mmoja baada ya mwingine, kama fito za ua.

Hivyo hatua ilisomwa kipande kwa kipande. Mguu mmoja hukaa chini sikuzote. Mwingine unapopita mbele, goti linakunjwa na vidole vinainuka kidogo tu, pengine kadiri ya unene wa kidole cha mkono. Visipoinuka, vinajikwaa.

Sasa tazama mgonjwa wa ukoma. Ugonjwa huo unaweza kuharibu mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje, chini kidogo ya goti. Vidole havipandi tena. Basi mtu anainua goti juu sana, kama anayevuka matope, na unyayo unaanguka pa! Nyumbani wanasema amerogwa. Sindano iliyochomwa vibaya matakoni inaweza kuleta jambo lilelile kwa mtoto.

Pale Yakusu, karibu na Kisangani, Munganga Stanley Browne alitibu wenye ukoma miaka mingi, mpaka 1959. Tangu siku zake dawa zimekuwa bora, lakini mshipa haungoji. Ukitibiwa kabla ya miezi 6 kupita, nguvu yaweza kurudi. Ukichelewa, mara nyingi hairudi.

Jaribu nyumbani: simama juu ya visigino, vidole vya miguu vikiwa hewani. Mguu mmoja ukishindwa, njoo hospitali juma hilohilo.